Kompyuta imechoka au modemu ndo mkorofi?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka upande wa Ziwa Tanganyika, huku Kigoma, na karibu zote zinalia kilio kimoja, mashine nzito na intaneti inakatakata. Nimechukua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, mnivumilie, maana mwenyewe anadhani ana ugonjwa mmoja kumbe anayo matatu.

*Fundi habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Ujiji. Nina deskitopu ya mtumba nilinunua Kariakoo ikaja na treni, RAM yake GB 2, kijana mmoja akanipigia Windows 10. Nikiwasha asubuhi nabandika chai, naenda kuoga, nikirudi kiduara bado kinazunguka. Intaneti natumia modemu ya USB, na kwa kuwa ndani mtandao ni hafifu nimeiunga na waya mrefu nikaitundika dirishani upande wa ziwa. Inashika vizuri tu, baada ya dakika tano au kumi inalia ting-tong inakata, naunganisha tena, inakata tena. Na bando la wiki linaisha siku ya pili wakati mi nafungua barua pepe tu na matokeo ya wanafunzi. Mmoja kaniambia ninunue modemu mpya, mwingine kasema kompyuta yote ni ya kutupa. Halafu ikiunganisha naona inaandika Dial-up na namba \*99#, je hii ndo ile intaneti ya zamani ya waya wa simu, na wananikata hela ya kupiga? Mwalimu, Ujiji.*

Mwalimu wangu, hela yako iache hapohapo ilipo kwanza. Una kompyuta nzito, una modemu inayodondoka na una bando linaloliwa, hao ni wagonjwa watatu umewalaza kitanda kimoja, na ukiwatibu kwa pamoja utatoa hela kwa asiyeumwa.

Tuanze na uzito. Chomoa hiyo modemu, weka pembeni, washa mashine bila intaneti kabisa. Kama bado unamaliza kuoga ndo inawaka, basi mtandao umesingiziwa. Ikishawaka bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, usiguse kitu, kaa uangalie dakika tano. Kwa GB 2 nakuambia kabla hujaangalia utakuta nini, memori (ndo hiyo RAM) imejaa mpaka karibu na mdomo na diski iko asilimia 100 wakati hujafungua hata faili moja. Hiyo Windows ya 64-bit, walioitengeneza wenyewe wanataja GB 2 kuwa ndo kiwango cha chini kabisa, yani inawaka tu, ukifungua brauza na karatasi ya mtihani ndo basi. Memori ni kama meza yako ya kusahihishia. Meza ikiwa ndogo madaftari unayaweka kabatini chumba cha pili, na kila ukitaka daftari lazima uinuke uende uchukue hilo na urudishe lingine. Kompyuta yako siku nzima inainuka na kwenda kabatini. Hiyo taa ndogo inayowaka bila kupumzika ndo hiyo safari.

Sasa kuna jambo moja mafundi wengi tunaliruka. Je inakuwa nzito tangu inawashwa, au inaanza vizuri halafu baada ya nusu saa ndo inaganda? Tangu mwanzo ni memori na diski. Ikianza vizuri halafu ikachoka, ni joto, maana prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikipata moto sana inajipunguzia spidi yenyewe isiungue. Mwaka jana nilifungua mashine ya jamaa mmoja wa Gungu aliyekuwa tayari anatafuta wa kumuuzia kama skrepa. Nilipotoa mfuniko, feni ya prosesa ilikuwa imevaa blanketi la vumbi jekundu, na ndani ya feni ya powa saplai kulikuwa na mjusi, amekauka kama dagaa wa Kibirizi, mkia umezuia feni isizunguke. Tukatoa mjusi, tukapiga brashi ya rangi, tukaweka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, mashine ikarudi ujana na skrepa ikaghairiwa.

Ila tafadhali usiipeleke kwa fundi pancha akaipulize kwa kompresa. Najua wengi mnafanya. Ule upepo unatoka na matone ya maji, halafu unazungusha feni kuliko ilivyotengenezwa kuzunguka. Tumia brashi kavu, fanyia nje, na feni ishikilie kwa kidole. Na powa saplai usiifungue mwenyewe, ndani kuna kapasita zinashika umeme hata ukishachomoa waya ukutani.

Ukiwa umeifungua angalia RAM iliyopo ni ya aina gani, DDR2 au DDR3, imeandikwa kwenye stika, maana haziingiliani, hata mkato wake pale chini uko sehemu tofauti. Ukiongeza ikafika GB 4 utaona tofauti siku hiyohiyo, GB 8 ndo raha yenyewe. Halafu siku ukipata hela nyingine toa hiyo diski ya kuzunguka uweke SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, hata ndogo ya GB 120, mitihani na barua haihitaji zaidi. Mimi mtu akiniambia ana hela ya kitu kimoja tu, mwenye GB 2 namwambia aanze na RAM, mwenye GB 4 namwambia SSD. Na kama diski inatoa sauti ka, ka, ka, acha yote niliyosema, nakili mitihani yako kwenye flashi leo kabla hujalala.

Kuna kitu kingine nikuambie ingawa hukuuliza. Windows 10 waliacha kuipa masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 mashine yako haiwezi kuibeba. Kuna Linux, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, zipo nyepesi kama Lubuntu au Linux Mint ya Xfce, ni bure, zina programu za kuandikia na kuprinti mitihani, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Sikulazimishi, mke wangu nilimwekea akanuna wiki mbili, sasa hataki iondolewe.

Haya, modemu. Neno lililonifurahisha kwenye barua yako ni hiyo ting-tong. Wengi wananiandikia inakata basi, wewe umeniambia inakata na kulia, na huo mlio ndo ushahidi wote. Mtandao ukikata, modemu inabaki kwenye kompyuta, taa yake inabadilika rangi na programu inasema umekatika, lakini kompyuta hailii, itakulilia kwa nini wakati kifaa bado kipo? Ting-tong ni sauti ya kitu kuchomolewa. Kompyuta inaona kama kuna mtu ameivuta modemu akaondoka nayo. Na hakuna mtu. Maana yake umeme unaofika kwenye modemu umepungua mpaka imezima.

Inakuwaje? Tundu la USB la kawaida, lile la USB 2.0, limepangiwa kutoa volti 5 na milliampia 500. Ukichomeka mbele ya kompyuta, huo umeme unapita kwanza kwenye kiwaya chembamba cha ndani kutoka kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, mpaka mbele. Halafu wewe umeongeza waya mrefu mpaka dirishani, na ile ya bei rahisi ndani ina nyuzi kama za nywele, volti zinapotelea njiani. Na modemu ikiwa mbali na mnara inapaza sauti, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na kupaza sauti kunakula umeme zaidi. Kwahiyo inashika vizuri ikiwa kimya, ukianza kutuma kitu inapaza sauti, umeme hautoshi, inazima, ting-tong. Ndo maana haikati dakika ya kwanza.

Leo jioni fanya hivi, toa waya wote, modemu ichomeke yenyewe nyuma ya kompyuta kwenye yale matundu yaliyoshikana na mazabodi, kaa nayo saa nzima hata kama spidi ni ndogo. Mlio usiposikika umeshapata mchawi. Ukitaka bado ikae dirishani tafuta waya mfupi na mnene, mita moja na nusu hivi (ule wa kawaida haupaswi kuzidi mita 5 hata uwe mzuri vipi), au habu ya USB, kile kifaa cha kuongeza matundu, yenye adapta yake ya ukutani. Zile modemu za zamani nyingine zilikuja na waya wa vichwa viwili, hicho cha pili watu wanakiacha kinaning'inia, kazi yake ni kuchota umeme kwenye tundu la pili. Na ukikuta bado inazima ukiwa hugusi mashine, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows uzime ile ya kulaza USB ili kubana matumizi, inaitwa USB selective suspend.

Halafu hilo dirisha. Mwalimu, mnara wako hauko ziwani! Huko kuna maji na wavuvi mpaka Kongo. Minara iko nchi kavu, mgongoni kwako, na wewe umeipeleka modemu ikaangalie machweo. Jaribu dirisha la upande wa pili, au iinue juu kidogo ila isikaribie bati, bati linazuia mawimbi. Kama programu yako inaonyesha nguvu ya mtandao kwa dBm, namba zina alama ya kutoa, kwahiyo -70 ni nzuri na -105 ni kilio, hamisha kidogo kidogo huku unasoma. Ikishatulia, kama bado inakatika kimyakimya bila mlio, inawezekana inarukaruka kati ya 2G na 3G, ifunge kwenye 3G peke yake uone. Na upime saa kumi na moja alfajiri pia, ikiwa alfajiri inakimbia na saa mbili usiku inatambaa basi ni foleni ya watu kwenye mnara, hapo hata mimi sina dawa.

Bando sasa. Modemu ikiwa imeunganishwa, andika resmon kwenye Start, fungua sehemu ya Network, utaona orodha ya programu na kila moja inavuta kiasi gani kwa sekunde. Ndo utawajua walaji. Mara nyingi ni apdeti, antivairasi, ile programu ya kupandisha mafaili mawinguni, na video zinazojicheza zenyewe kwenye kurasa. Simamisha apdeti kwenye mipangilio uziruhusu siku ukiwa na bando la usiku. Na hapohapo kwenye apdeti tafuta Delivery Optimization uizime, maana ikiwa imeruhusiwa mpaka upande wa intaneti, kompyuta yako inawagawia watu usiowajua vipande vya apdeti kwa bando lako. Ukarimu wa Ujiji haukufika huko.

La mwisho, \*99#. Hapana, hukatwi hela ya kupiga. Ni urithi tu. Zamani modemu iliunganishwa na simu ya mezani, inapiga namba kweli, mnasikia kriiii kraaa, inageuza data kuwa sauti na upande wa pili unageuza sauti kuwa data, jina modemu limetoka hapo. Ile ya mwisho kabisa kwa ukubwa iliitwa 56k, ikijitahidi sana inashusha kama kilobaiti 7 kwa sekunde, picha moja ya simu ya leo yenye MB 3 ungeisubiri dakika saba, na shangazi akinyanyua simu ya chumbani unaanza upya. Kompyuta za sasa bado zinaichukulia modemu ya USB kama simu, kwahiyo inabidi ipige kitu, na \*99# ni namba ya kuiambia laini fungua mlango wa data. Haipokelewi na mtu.

*Fundi mwakeye. Niko Manyovu, laptopu na modemu vyote vizima. Shida mistari ya mtandao inajaa yote lakini hakuna kinachofunguka, na jina linalotokea sio la laini yangu. Juzi salio limeyeyuka bila kupiga simu. Rafiki yangu yuko Kagunga ananiambia na yeye hivyohivyo. Kijana wa Manyovu.*

Mwakeye mdogo wangu. Mawimbi hayana pasipoti. Modemu yako imeachwa ichague mtandao yenyewe, inachagua unaosikika zaidi, na hapo ulipo unaosikika zaidi ni wa Burundi. Fungua programu ya modemu, sehemu ya mtandao, toa Automatic weka Manual, iache itafute, inaweza kuchukua dakika mbili tatu. Ikikuletea namba badala ya majina angalia tarakimu tatu za mwanzo, 640 ni Tanzania, 642 ni Burundi, chagua 640 yako. Halafu zima roaming, yani kutumia mtandao wa ugenini, hapohapo, hilo ndo lililokula salio.

Na ushauri nilompa mwalimu wa kuinua modemu juu wewe usiufuate. Huko mlimani ukiipandisha ndo unaionyesha minara ya jirani. Ishushe, iweke ukuta wa nyumba kati yake na mpaka. Siku mtandao wa nyumbani ukipotea utakosa intaneti kabisa, ni bora hivyo kuliko kulipia ya ugenini.

*Kaka fundi, nina stationery Mwanga. Wiki ya tatu sasa kila tovuti nikifungua inaandika si salama, wanafunzi wa maombi ya mkopo wananikimbia. Nimebadilisha modemu mara mbili na laini mara moja. Asubuhi ndo inasumbua zaidi. Kila usiku nachomoa kompyuta ukutani naogopa radi. Dada wa Mwanga.*

Dada pole, na hizo modemu mbili zirudishe kama duka linakubali. Angalia saa pale chini kulia kwenye skrini. Imeandika mwaka gani? Nakisia hata huu hatuupati. Kwenye mazabodi kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3, kazi yake kutunza saa kompyuta ikiwa haina umeme. Yako imekufa, na kwa kuwa unachomoa usiku, asubuhi mashine inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Sasa kila tovuti iliyolindwa ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta inaona cheti cha mwaka huu hakijaanza bado, inakataa. Kwa leo rekebisha tarehe kwa mkono utafanya kazi, kesho nunua betri, inauzwa mpaka kwa mafundi saa, ile ya zamani unaibana kidogo na ncha ya bisibisi inaruka, mpya maandishi yanaangalia juu. Kuchomoa kwa ajili ya radi usiache, msimu wa mvua hapa kwetu mashine nyingi nazoletewa zimeungua usiku.

*Fundi, kwenye kabati la marehemu mjomba nimekuta modemu ya zamani ya waya wa simu, imeandikwa 56k, na adapta yake. Bando limekuwa ghali, naweza kuiunga na simu yangu ya mkononi nikapata intaneti ya dakika za kupiga? Ng'ambo, Tabora.*

Wazo zuri ila halifiki. Simu ya mkononi inaikamua sauti ili ipite kwenye nafasi ndogo, inabakiza kile sikio la mtu linahitaji, na zile kelele za modemu ndo zinazokatwa kwanza, upande wa pili hauelewi kitu. Tena lazima huko kuwe na mtoa huduma mwenye modemu yake inayopokea simu. Kama kuna ofisi yenye simu ya mezani na bado inatuma faksi, hiyo inaweza kuwafaa. Vinginevyo itunze kama kumbukumbu ya mjomba. Adapta ndo angalia, usiichomeke kwenye redio ya mama kwa sababu tundu limeingia, soma kwanza mgongoni, baadhi za modemu hizo zinatoa AC wakati redio inataka DC, na redio ikifuka moshi ni mimi tena mtakayeniletea.